Ukuta wa Mawe Uliohamia Bondeni

Mwezi uliopita nilikwenda saluni moja pale Maili Moja kupaka nywele rangi. Msinicheke, mvi zikizidi, mtu hujitetea. Binti wa saluni alipofungua kichupa chake, harufu kali ikanipanda puani mpaka machozi yakanitoka. Yeye akadhani dawa imeniingia machoni, akakimbilia maji. Haikuwa dawa machoni. Ilikuwa amonia, na kwangu mimi amonia ni harufu ya shati la baba yangu akirudi kazini.

Baba alikuwa mchora ramani za majengo. Ofisini kwao walichapa ramani kwa mashine iliyotumia amonia: karatasi iliingia upande mmoja, ikatokea upande wa pili ikiwa na mistari ya zambarau na uvuguvugu bado, inanuka kiasi cha kumkimbiza paka. Harufu ile ilishika nguo na nywele. Baba akifika mlangoni tu, mama alikuwa anatuambia, "Mvueni baba yenu shati kabla hajatuua," nasi tunagombania mikono ya shati, mmoja huku, mwingine kule.

Niwaeleze kwanza habari za ofisi yenyewe, maana siku hizi hakuna anayeikumbuka, ingawa watu wanapita mbele ya majengo yake kila siku. Iliasisiwa na Mgiriki mmoja aliyeitwa Bwana Aleko, miaka michache kabla ya Uhuru, katika chumba kimoja huko Dar es Salaam. Uhuru ulipokuja, nchi ikataka shule, mahakama za mwanzo, zahanati na nyumba za walimu, vyote kwa pamoja. Bwana Aleko akahamishia ofisi Kibaha, katika nyumba ndefu kando ya barabara ya Morogoro, ili awe karibu na saiti zake. Watu waliiita Ofisi ya Ramani, na baba aliajiriwa pale akiwa kijana aliyetoka Upare na cheti cha ufundi na mwandiko mzuri.

Bwana Aleko aliamini jambo moja, kwamba jengo la Pwani lazima lipumue. Kwa hiyo majengo yake yote yana sura ya ukoo mmoja. Paa lina mgongo mmoja tu, limeinama upande kama kofia ya mtu anayeringa. Ukuta wa mbele ni wa matofali ya matundu, yanayopitisha upepo. Ukuta wa nyuma ni wa mawe, mnene, wa kuzuia udongo pale jengo linapokaa kwenye mteremko, na milima ya Kisarawe ni miteremko mitupu. Wanakijiji waliyaita nyumba za matundu. Mwezi wa saba baridi ikiingia, wauguzi waliyaziba matundu kwa matambara na magazeti, na Bwana Aleko akipita kukagua aliyachomoa moja moja kwa mkono wake huku akigomba kwa Kigiriki. Akiondoka tu, yanarudishwa.

Alikuwa na msemo wake, kwa Kiswahili chake kile cha kukatakata: "Fundi jenga, ramani fikiri." Maana yake fundi asiguse mstari hata mmoja wa ramani. Aliyehamisha dirisha kwa akili yake alifukuzwa siku hiyohiyo, hata kama alikuwa amelihamisha vizuri. Baba aliurudia msemo ule nyumbani kwa majivuno, tukila, na sisi tukauimba tukicheza.

Walikuwa na desturi nyingine ambayo lazima muielewe, maana kila kitu kimetoka hapo. Ramani ya asili ilichorwa kwa wino juu ya karatasi laini inayopenya mwanga, waliyoiita tresing. Ukiishika dirishani unaona mistari pande zote mbili. Sasa kiwanja kipya kikihitaji mlango uangalie upande mwingine, hawakuchora upya. Waliipindua tresing chini juu, wakanakili jengo lile likiwa limegeuka, wakaandika maneno upya, kazi ya wiki mbili ikaisha kwa siku mbili. Waliita kugeuza karatasi. Nilimwona baba akifanya hivyo kwenye meza yetu ya kulia chakula huko Mkuza, hapohapo Kibaha, mara nyingi. Nilidhani ni mazingaombwe, na kwa kweli alipenda nimtazame.

Baada ya Azimio la Arusha, Bwana Aleko aliondoka nchini. Kibao chake kikang'olewa, ofisi ikawekwa chini ya shirika la umma, na baba, ambaye hakuwa na shahada ya usanifu, akajikuta ndiye mkubwa wa chumba cha ramani. Kisha vikaja vijiji vya ujamaa. Kila kijiji kilitaka zahanati yake, na kila barua ilitaka ramani kabla ya mwisho wa mwezi. Mafuta ya gari yalikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo hakuna aliyekwenda tena kukagua viwanja. Karatasi za kuchapia nazo zikawa adimu; ofisi ilichapa nakala moja tu kwa kila saiti. Baba alianza kuleta kazi nyumbani hadi Jumapili. Alikonda, akawa mkali, na ile furaha ya kutuonyesha mistari ikamwisha.

Nilikuwa sijaanza shule, nina miaka sita, alipogeuza karatasi ya zahanati ya kijiji kimoja upande wa Kurui. Barabara ya kijiji kile ilipita juu, kilimani, na kiwanja kilichongwa chini yake. Wanakijiji waliomba mlango uangalie barabarani, ili mgonjwa asizunguke. Baba akaigeuza tresing, mlango ukaja barabarani kama walivyotaka. Ila ukuta wa mawe nao uligeuka pamoja na jengo, ukahamia bondeni, ambako hapakuwa na kitu cha kuzuia. Upande wa kilima, uliosimamiwa na ukingo mrefu wa udongo mwekundu, ukabaki na matofali ya matundu. Baba hakuona. Ilisainiwa, ikachapwa, ikapelekwa.

Aliyeona ni fundi. Aliitwa Fundi Mwinshehe, Mzaramo wa hukohuko Kisarawe, mtu mzima mwenye vidole vilivyopasuka kwa saruji, aliyejenga na Bwana Aleko tangu mwanzo. Alikuja nyumbani kwetu Jumapili moja mchana, ameipanda baiskeli kutoka mbali, shati limemganda mgongoni. Sisi tulikuwa na wageni wa kanisani, wazee wawili wa usharika na wake zao, tumekaa kula wali. Fundi alipiga hodi, akakataa kukaa. Akasimama mlangoni ameshika kofia yake.

"Bwana Eliakimu, samahani kukuingilia na wageni," alisema. "Ule ukuta wa mawe mmeupeleka bondeni. Udongo uko juu."

Nilimwona baba akisimamisha tonge hewani. Nadhani alielewa palepale. Lakini wazee wa usharika walikuwa wanamtazama, na yeye ndiye aliyekuwa akiwasimulia dakika ile jinsi ofisi inavyoendeshwa na Waafrika wenyewe sasa bila tatizo lolote. Akashusha tonge.

"Fundi, ramani ile imeshasainiwa," alisema. "Na mgeni rasmi ameshapangwa kuja kufungua. Wewe jenga."

"Naogopa masika, bwana."

"Unakumbuka Aleko alivyokuwa anasema?"

Fundi Mwinshehe akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshindwa kwa heshima. Mimi nikaropoka kwa furaha, "Fundi jenga, ramani fikiri!" Wageni wote wakacheka na mimi nikasifiwa kwa akili. Fundi akavaa kofia yake, akaaga, akaenda zake. Alijenga kama ilivyochorwa.

Zahanati ilifunguliwa kwa ngoma na hotuba. Masika ya kwanza yalipita salama. Masika ya pili mvua ilinyesha siku nne mfululizo, na asubuhi ya siku ya tano, Jumamosi, ukingo wa udongo ukaachia. Uliushukia ukuta wa matundu, ukauvunja, ukaingia wodi ya wazazi. Alikuwamo mama mmoja aliyejifungua juzi yake na mtoto wake ambaye hajapewa jina. Walipofukuliwa, mama alikuwa amemlalia mtoto kumkinga. Wote wawili walikuwa wamekufa. Habari zilifika Kibaha jioni kwa lori la mkaa, na baba hakula.

Kesho yake, Jumapili, baba alisema tumbo linamsumbua, hakwenda kanisani. Mimi, wakati huo niko darasa la pili, nina miaka minane, nilikuwa na matubwitubwi, nimefungwa kitambaa kidevuni, nikabaki naye. Nilitoka chumbani nikamkuta mezani. Ameitandaza tresing ya zahanati, ameshika wembe. Wino wa tresing haufutiki kwa raba. Unakwanguliwa kwa wembe, polepole, usije ukaitoboa karatasi. Alikuwa anakwangua ukuta wa mawe upande wa bondeni, mstari kwa mstari. Kisha alichukua kalamu akauchora upya upande wa kilima, na ule wa matundu akaupeleka bondeni, vyote kwa mwandiko wake uleule mzuri.

"Unafanya nini, baba?"

Hakushtuka. Alinitazama, akasema, "Narekebisha."

Nilifurahi sana, sitawaficha. Nilijua zahanati imeanguka na watu wamekufa, na sasa baba yangu alikuwa anairekebisha. Vumbi la wino lilijaa juu ya karatasi, vichembe vyeusi, nami nikainama na mashavu yangu yaliyovimba nikalipuliza mpaka karatasi ikawa safi. Baba akanishika kichwa.

Kamati ilitoka wilayani. Ikaja Ofisi ya Ramani, ikaonyeshwa tresing, na tresing ilionyesha ukuta wa mawe kilimani panapostahili. Fundi Mwinshehe alipoulizwa nakala yake, alitoa karatasi aliyoigongomea misumari ukutani mwa stoo ya saruji. Ila ramani zile za amonia zina ugonjwa mmoja: jua likizipiga, hufifia. Karatasi ya Fundi ilikuwa imepigwa na jua la misimu miwili. Waliigeuza huku na huku, haikuwa na mstari hata mmoja. Ilikuwa njano tu. Wakasema fundi amejenga kinyume cha ramani ili apunguze kazi ya kubeba mawe kilimani, na watu wawili wamekufa kwa uvivu wake. Akawekwa rumande, akisubiri kesi.

Wiki iliyofuata akaja mkewe, Mama Mwajuma. Alitembea, akapanda lori, akatembea tena, na kichwani alikuwa na kapu la machungwa ya Kisarawe. Alikaa kwenye ncha ya kiti, kapu ameliweka miguuni pa mama, na alizungumza taratibu kana kwamba ameyapanga maneno yake njia nzima.

"Bwana Eliakimu, sikuja kugombana," alisema. "Mume wangu alikuja hapa kukuuliza. Nenda ukawaambie tu kwamba alikuja akakuuliza. Hilo tu. Ukisema wewe, watasikia."

"Mama, jambo liko mikononi mwa serikali," baba alisema. Alikuwa anatazama machungwa. "Mimi ni mchora ramani tu."

Hapo Mama Mwajuma akalia, bila sauti, machozi yanadondokea khanga. Mimi sikuwahi kuona mtu mzima akilia namna ile nyumbani kwetu, na iliniuma. Nikamsogelea, nikamshika goti, nikamwambia kile nilichojua kingemfariji.

"Usilie, mama. Baba ameshairekebisha ramani. Aliukwangua ukuta kwa wembe akauhamisha, mimi nikapuliza."

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga, na nje mtu alikuwa anapasua kuni. Mama Mwajuma aliacha kulia. Alinitazama mimi, akamtazama baba, akamtazama mama. Mama akasema, "Neema, toka nje ukacheze," nami nikatoka nikijua nimefanya jambo, ila sikujua ni jambo gani. Dirishani nilimwona Mama Mwajuma akiondoka haraka. Kapu aliliacha. Hakuna aliyekula yale machungwa. Yalioza jikoni, mama akayafukia.

Siku tatu baadaye Mama Mwajuma alirudi na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kondo. Asubuhi ile mama alikuwa amenichana nywele, akanipaka mafuta, akanivalisha gauni la kanisani, na siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Hakuniambia kwa nini. Wakati ananifunga mkanda wa gauni nilihisi vidole vyake vinakosea tundu. Baba hakuwa amekwenda kazini. Tulikaa wote sebuleni: baba, mama, Mama Mwajuma, Mzee Kondo, na mimi nimesimama katikati ya mkeka.

"Neema, leo hujaniamkia," Mzee Kondo alisema.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nina swali dogo. Huyu mama anasema ulimwambia ulimwona baba anakwangua ramani kwa wembe. Ni kweli?"

Nilimtazama baba. Alikuwa amekaa mikono yake ameibana katikati ya magoti. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Alikuwa anatazama mkeka. Nikamtazama mama, naye alikuwa anatazama mlango. Nikanyamaza.

Mzee Kondo akauliza tena, kwa upole zaidi. Nilihisi mkojo unanibana.

Akauliza mara ya tatu. "Uliona au hukuona, Neema?"

"Sikuona," nilisema.

Mzee Kondo alivuta pumzi ndefu. "Basi, Mama Mwajuma," alisema, "umesikia mwenyewe. Mtoto hajui." Mama Mwajuma alisimama, akanifuata pale nilipo. Nilidhani atanipiga. Alinirekebisha ukosi wa gauni uliokuwa umejikunja, akatoka, wala hakuaga.

Fundi Mwinshehe alifungwa miaka saba. Alitoka baada ya mitano, kifua kimeharibika, akafa kabla ya mavuno ya korosho. Hakuna aliyetuletea habari, tulizisikia gengeni. Baba aliendelea na kazi mpaka ofisi ilipofungwa na makabati yake ya ramani kugawanywa kwa wizara na panya. Kanisani alichaguliwa kuwa mzee wa usharika, akahudumu vizuri, akawasaidia wengi. Hakuwahi kunitajia siku ile, nami sikuwahi kumwuliza. Tulipendana. Ndilo gumu kuliko yote kuwaeleza, kwamba tulipendana mpaka tukamzika.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilidanganya watu siku ile. Nilijiona mtoto mdogo mjanja aliyewapumbaza wakubwa, na niliibeba kama dhambi yangu peke yangu. Niliitubu kwa wachungaji watatu tofauti, kila mmoja akiniambia nilikuwa mtoto na Mungu amesamehe, na hakuna msamaha uliowahi kuniingia.

Ni mama aliyenitoa huko, kama kunitoa ndiko. Alikuwa amekwisha kuwa mzee sana, nikimlisha uji, alipoanza kuzungumza mwenyewe bila kuulizwa.

"Kondo naye alijua," alisema. "Alikuwepo Kurui ukuta ukijengwa, akaiona ramani ya Fundi kabla haijafifia. Sote tulijua, Neema. Tulikuwa tunangoja wewe useme."

Nilishika kijiko hewani. Nikamwuliza, niseme nini? Akasema, "Chochote." Kisha akafungua mdomo apewe uji.

Nimefundisha darasa la pili karibu maisha yangu yote ya kazi. Nawajua watoto wa miaka minane. Ukimwuliza mtoto wa umri ule jambo mara moja, atakwambia alichokiona. Ukimwuliza mara tatu, mbele ya baba yake, atakwambia unachokitaka. Mzee Kondo alikuwa na watoto tisa. Alilijua hilo kuliko mimi. Kama ningesema nimeona, wangeulizwa kwa nini walinyamaza. Niliposema sikuona, kila mmoja alipata cha kujifunika, na mume wa mtu akabaki gerezani. Baba alikuwa na mdomo. Mama alikuwa na mdomo. Balozi alikuwa na mdomo na mhuri. Watu wazima watatu, mbele ya mwanamke mmoja aliyekuja kuomba haki, waliketi kimya wakanisimamisha mimi katikati.

Nawapenda wazazi wangu na nimewachukia kwa siku ile, na sioni haja ya kuchagua moja. Mama Mwajuma nilimtafuta nikiwa nimestaafu. Nilifika kwake nikaambiwa amefariki mwezi mmoja kabla. Mwajuma mwenyewe alinipokea, mwanamke wa rika langu, akaniuliza mimi ni nani kwao. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikasema nilikuwa napita tu.